Uzito wa Trela

Baba alikuwa karani wa mizani
kiwandani Muhoroni, miaka ishirini na sita.
Trekta hupanda jukwaa na miwa yake, na tope lake,
na utingo aliyejilaza juu ya mzigo akidhani haonekani.
"Shuka," baba humwambia bila kuinua kichwa.
Sindano ilikuwa imeshamtaja.

Mimi nimeketi Maseno, saa nane usiku.
Stima imepotea mara mbili, jenereta inakohoa nyuma ya maabara,
na mbele yangu kishada cha nyota laki moja na ushei
zimesongamana kama kumbikumbi kwenye taa ya nje
mvua ya Aprili ikikatika.
Natafuta utingo.

Maana nyota kubwa haina subira:
huteketeza akiba yote kwa siku chache za fahari,
hujiangukia, hujimeza,
na shimo linalobaki halitoi hata cheche ya kuombea radhi.
Jeusi, ndani ya weusi.
Darubini ya Chile ilikodolee macho mwaka mzima,
haitaliona.

Ila uzito haujui kujificha.
Iko nyota moja, ya elfu nne mia sita na tatu katika orodha yangu,
manjano, hafifu, haina sifa.
Usiku mmoja mwanga wake umesogea kidogo kwenye samawati: inakuja.
Wiki nane baadaye umeegemea wekundu: inaenda.
Inakuja.
Inaenda.
Kila siku mia moja na tisa, na katikati hapana kitu.

Kule Koru, kwa kina Achola, palikuwa na kinu cha sukari guru.
Msimu ukikolea, ng'ombe alizungushwa usiku kucha
na chemli imening'inia kwenye nira.
Kutoka kwetu tuliona taa tu, ikizunguka, ikizunguka.
Odera, ndugu yangu, akaapa ni jini.
"Jini gani," mama akauliza, "anayenuka molasi?"

Kiwanda kilipozimika, mji haukutawanyika.
Wapo wanaoamka alfajiri kwa king'ora kisicholia.
Mahindi bado yanachomwa langoni.
Baba hutoka saa kumi na mbili, shati limepigwa pasi,
hufika kwenye ua wa waya, hugeukia pale pale, hurudi.
Kuhusu hilo sina la kuongeza.

Jana nilimpigia simu.
"Baba, nadhani nimelipata. Mara nne na nusu uzito wa jua, au zaidi."
"Umeliona?"
"Sijaliona. Nimelipima."
Akanyamaza. Nikasikia redio yake, matangazo ya vifo,
jina la mtu wa Chemelil, wake zake wawili.
"Hiyo 'au zaidi' ni ya nini?"
Nikamweleza: njia ya nyota imeinama, sijui kwa kiasi gani,
kwa hiyo ninachoshika mkononi ni uzito wa chini kabisa.
"Karani hasemi au zaidi," akasema. "Mkulima ana watoto."
Kisha, kama anayekumbuka kitu kilichobaki jikoni:
"Na uzito wa trela umeutoa?"

Trela.
Ile nyota yenyewe, ya manjano, inayovuta na kuvutwa.
Uzito wake niliuokota kwenye jedwali la zamani
saa tisa usiku, macho yamejaa mchanga.
Ukiwa mdogo kuliko nilivyoandika, shimo langu linapungua,
na huenda kule gizani hapana shimo lolote,
ni nyota mbili zilizochoka, zimekumbatiana,
hazina hata mafuta ya taa.

Nimefungua faili upya.
Jenereta imenyamaza, stima imerudi bila kubisha hodi,
na nje wanafunzi wa zamu ya asubuhi wanapita na madaftari kichwani,
kuna manyunyu.
Shairi hili halina mizani, mnisamehe.
Nimeiazima. Naipimia trela.